Ubaguzi wa wanawake katika kazi ya uhasibu, Unguja

Ubaguzi wa wanawake katika kazi ya uhasibu ni hali ya mwanamke mwenye sifa kunyimwa ajira, cheo, mafunzo, safari ya kazi au madaraka ya kuidhinisha malipo kwa sababu ya jinsia yake. Unguja hali hii ni kongwe kuliko taaluma yenyewe, kwani Mji Mkongwe ulikuwa mji wa madaftari muda mrefu kabla ya kuwa mji wa mahoteli. Mwanamke alikuwamo katika madaftari hayo tangu mwanzo, akitajwa kama mwenye mali, mdaiwa au mrithi. Kilichokosekana ni mkono wake kwenye kalamu. Na alipopewa kalamu, sahihi yake chini ya vocha ilichelewa tena kwa miaka mingi.

Madaftari ya forodha

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 masultani wa Zanzibar hawakukusanya ushuru wenyewe. Forodha ilikodishwa kwa tajiri aliyelipa kiasi maalumu kwa mwaka na kubaki na ziada. Nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia kutoka Kutch, ndiyo iliyoishika kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi, na msimamizi wake mashuhuri Unguja alikuwa Ladha Damji. Mwaka 1876 forodha ilichukuliwa na Tharia Topan, Mkhoja, ambaye jengo lake la fahari, Zahanati ya Zamani, lililoanza kujengwa 1887, bado limesimama Malindi.

Hesabu za nyumba hizi ziliandikwa kwa hati ya Kigujarati, na ufundi wake ulirithiwa. Baba alimfundisha mwana, mjomba alimfundisha mpwa, au kijana wa jamaa aliletwa na jahazi akae chini ya karani mkubwa mpaka aive. Wafanyabiashara wengi wa Kihindu wa kipindi cha mwanzo waliwaacha wake zao India, hivyo hata mke wa tajiri hakuwapo dukani ajifunze kwa kutazama. Uhasibu wa Zanzibar ukazaliwa ukiwa kazi ya wanaume wa ukoo, na desturi ya kumpa kazi ya fedha mtu unayemjua baba yake haijafa mpaka leo.

Upande wa Waarabu na Waswahili mambo yalikuwa na mvutano wa kusikitisha. Sheria ya Kiislamu ilimtambua mwanamke kuwa mmiliki kamili wa mali yake. Wanawake wa tabaka la juu walikuwa na nyumba, mashamba ya karafuu na, mpaka utumwa ulipopigwa marufuku, watumwa. Walirithi, waliweka rehani, na waliweka wakfu misikiti na nyumba, mali ambazo baadaye ziliwekwa chini ya Kamisheni ya Wakfu iliyoundwa 1905. Hata hivyo, mbele ya mkopeshaji au karani mwanamke wa heshima alisemewa na wakili, mara nyingi kaka au mume. Mwenye mali aliweza kuishi maisha yake yote bila kusoma mstari mmoja wa deni lililoandikwa kwa jina lake.

Mfano unaofahamika zaidi wa mwanamke aliyevuka mpaka huo ni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa 1844 katika jumba la Mtoni. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Msahafu, ila kuandika kulionekana hakuwafai. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua Sultani Majid, Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyekuwa katibu wa njama hiyo, kwa kuwa alikuwa mwanamke anayejua kuandika na angeweza kuaminiwa. Njama ilishindwa na Barghash akapelekwa Bombay. Salme mwenyewe alieleza habari hizi katika kumbukumbu zake zilizotolewa kwa Kijerumani 1886, wakati huo akijulikana kwa jina la Emily Ruete. Kazi ya kwanza ya ukatibu ya mwanamke wa Unguja tunayoisoma kwa kirefu, basi, ilifanyika gizani, na ujuzi uliomwezesha kuifanya ulikuwa umefichwa kama kosa.

Skuli

Kuanzia 1890, chini ya himaya ya Waingereza, hesabu za serikali ziliingia katika utaratibu wa bajeti na ukaguzi. Ukarani ukawa ndoto ya kijana aliyesoma: mshahara wa mwezi, kanzu safi na kiti cha ofisini. Walioujaza walikuwa Wahindi, Wagoa, Wakomoro, Waarabu, na vijana wa skuli za misheni kama Kiungani.

Wasichana wa misheni walipelekwa Mbweni, shamba lililonunuliwa na Misheni ya Vyuo Vikuu mwaka 1871 na kukaliwa na watumwa waliokombolewa. Skuli yao iliongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray, aliyefika Unguja 1877. Hodari waliandaliwa kuwa walimu na wake wa makasisi au walimu. Wengine walifundishwa kushona, kufua na kupika.

Skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa mjini 1927. Wazazi walisitasita, na serikali ililazimika kuwahakikishia kwamba binti atafunzwa adabu na mambo ya nyumbani. Ahadi hiyo iliwaingiza wasichana darasani, na ilikuwa ushindi mkubwa. Lakini iliwagharimu masomo ya biashara na uwekaji wa hesabu. Ualimu na ukunga vilikubalika kwa sababu vilimweka mwanamke miongoni mwa wanawake wenzake. Ofisi ya fedha ilimkalisha katikati ya wanaume wasio maharimu, mbele ya dirisha ambalo kila mtu hupita. Sababu hii haikuandikwa katika kanuni yoyote ya ajira, na haikuhitaji kuandikwa.

Baada ya Mapinduzi

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalivunja mpangilio wa makarani kwa siku chache. Waarabu na Wahindi wengi waliuawa, walikimbia au waliondolewa kazini, na ofisi zikabaki na viti vitupu. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo elimu ilitangazwa kuwa bure kwa wote. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ilianzishwa 1966. Serikali iliyochukua biashara, mashamba na mabenki ilihitaji watu wa kuhesabu, na kwa mara ya kwanza wasichana wa mitaa ya Ng'ambo na wa vijijini waliingia ofisini kwa wingi, wakianzia kwenye taipu, masjala na dirisha la malipo. Miongoni mwa waliopita mlango huo ni Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, aliyeajiriwa 1977 kuwa karani katika wizara iliyoshughulikia mipango, na kuapishwa kuwa Rais wa Tanzania tarehe 19 Machi 2021.

Taaluma nayo ilikuwa ikijengewa uzio. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ilitokana na sheria ya 1972, mwaka uleule kilipoanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, Dar es Salaam. Anayetaka kuitwa mhasibu kamili lazima afaulu mitihani ya bodi apate sifa ya CPA. Kwa mwanamke wa Unguja hilo lilimaanisha kuvuka bahari kusoma, na ruhusa ya kuvuka ilitoka kwa baba au mume kabla ya kutoka kwa mwajiri. Kufunguliwa kwa Chuo cha Uongozi wa Fedha cha Chwaka, ZIFA, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kuliondoa kikwazo hicho kwa ngazi ya cheti, diploma na shahada. Hakukuondoa kikwazo cha CPA.

Masomo na kazi ya msichana vilikuwa na hatari nyingine pia: akipata mimba nje ya ndoa, sheria ya Zanzibar ya 1985 iliruhusu afungwe jela. Ilifutwa 2005.

Sura za ubaguzi kazini

Ubaguzi wa leo mara chache huja kwa tangazo la kazi lenye maneno "wanaume tu". Unajificha katika mgawanyo wa kazi. Ofisi ya hesabu ina keshia, karani wa malipo, mwandishi wa vitabu, mhasibu, mhasibu mkuu na mkaguzi wa ndani. Wanawake hurundikwa ngazi za chini, na sababu inayotajwa ni ya kuwasifu: kwamba ni waaminifu na hawaibi. Sifa hiyo ni ya kweli kwa wengi wao, lakini ndiyo inayowabakisha dirishani, kwa kuwa bosi hataki kumpoteza mtu ambaye mwisho wa siku fedha zake zinalingana na stakabadhi.

Kikwazo kikubwa zaidi ni safari. Mkaguzi hukua kwa kwenda nje: Pemba, wilayani, bandarini, kwenye miradi. Safari huleta posho, ujuzi na kujulikana na wakubwa. Mwanamke anaachwa nje ya orodha kwa madai ya kumwonea huruma, eti ana watoto, eti mumewe hatakubali kumwona akilala Wete, Pemba, wiki mbili na wafanyakazi wenzake wa kiume, na aghalabu hakuulizwa yeye wala mumewe. Miaka mitano baadaye anaambiwa hana uzoefu wa kutosha wa ukaguzi wa nje. Ni dhuluma inayofanyika kwa upole, na kwa hiyo ni vigumu kuilalamikia.

Kufunga hesabu za mwaka ni mtihani mwingine. Mwaka wa fedha wa serikali huishia tarehe 30 Juni, na wiki za kuelekea hapo watu hukaa ofisini hadi usiku. Anayeondoka alasiri ili awahi watoto wanaotoka madrasa huandikwa moyoni kuwa si mtu wa kutegemewa. Likizo ya uzazi ikiangukia kipindi hicho, au mjane akiwa katika eda yake ya miezi 4 na siku 10, kazi hupewa mwingine na mara nyingi hairudi. Mitihani ya bodi nayo ina mzigo wake, kwani masomo yake husomwa jioni, saa ambazo nyumba nyingi za Unguja zinamhesabu mwanamke kuwa wa jikoni.

Katika mahoteli ya kitalii vitengo vya fedha vimevutia zaidi wahasibu wa Tanzania Bara na Kenya. Familia nyingi za visiwani huona hoteli si mahali pa binti, kwa ajili ya pombe na zamu za usiku, na baadhi ya waajiri hawataki vazi la buibui au mtandio ofisini.

Rushwa ya ngono hutajwa kwa sauti ya chini, hasa katika mafunzo ya kazi na ajira za mkataba. Kwa Tanzania Bara, sheria ya rushwa ya 2007 imeifanya kuwa kosa katika kifungu chake cha 25.

Ulinganisho wa nje

Uingereza, ambayo taratibu zake za uhasibu ndizo zilizorithiwa Zanzibar, ilimkataa Mary Harris Smith alipoomba uanachama wa taasisi ya wahasibu mwaka 1891, akakubaliwa 1920. Marekani, Ann Hopkins wa kampuni ya Price Waterhouse alipendekezwa kuwa mbia mwaka 1982. Kati ya waliopendekezwa 88 alikuwa mwanamke peke yake, na kampuni ilikuwa na wabia 662, wanawake wakiwa 7. Alikwama, akashauriwa atembee na kuzungumza kike zaidi, ajipambe na avae vito. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kumpima mfanyakazi kwa dhana za namna hiyo ni ubaguzi. Unguja lawama huwa ya aina hiyohiyo: anayehoji vocha ya mkubwa huitwa mkali, au huambiwa hana haya.

Sheria

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inatamka usawa wa watu mbele ya sheria. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake 1985, na mikataba namba 100 na 111 ya Shirika la Kazi Duniani, ya ujira sawa na ya kupinga ubaguzi kazini, 2002. Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya 2005 inakataza ubaguzi na kutoa likizo ya uzazi yenye malipo. Migogoro hupita njia za Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huohuo.

Waliofika juu

Orodha ni ya kutia moyo. Amina Salum Ali aliongoza wizara ya fedha ya Zanzibar katika miaka ya 1990. Saada Mkuya Salum alikuwa Waziri wa Fedha wa Jamhuri ya Muungano kuanzia Januari 2014, na mwaka 2022 alikabidhiwa fedha na mipango Zanzibar. Fatma Mohamed Said alikuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, cheo ambacho chini yake hupita daftari la kila wizara. Nafasi hizi zote ni za uteuzi wa Rais. Ngazi iliyo kati ya dirisha la keshia na uteuzi huo, ya mkuu wa kitengo, mhasibu mkuu wa shirika, mbia wa kampuni ya ukaguzi, ndiyo yenye giza, na ndiyo ngazi ambayo wanawake wengi husimamishwa.

Hesabu za mtaani

Nje ya ofisi wanawake wa Unguja ndio washika fedha wakubwa. Kila mtaa una upatu, na kijumbe wake, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, hukusanya na kugawa fedha za watu wengi bila kupotea shilingi. Vikundi vya hisa, vinavyofahamika sana katika vijiji vilivyo jirani na msitu wa Jozani, huweka sanduku lenye kufuli 3 na funguo kwa watu 3 tofauti, kinga ambayo mkaguzi yeyote angeisifu. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani 1989, wakulima wake, wengi wao wanawake, wamejifunza kuandika kilo zao wenyewe wasipunjwe kwenye mizani.

Hali ya sasa

Kampasi ya Chwaka inaendelea kufundisha uhasibu.  Aliyemrithi Fatma Mohamed Said katika ofisi ya ukaguzi ni mwanamume, Dk. Othman Abbas Ali.