Shuka nyekundu, picha nyeusi

Leo tuweke programu kando, ingawa si mbali sana, maana haya niliyagundua nikisaka hitilafu kama kawaida yangu.

Nilikuwa nyumbani Bisil, kwenye barabara ya Namanga. Nikachukua kopo kuukuu la Kimbo, nikalipaka rangi nyeusi ndani na kulitoboa kwa sindano tundu la nusu milimita hivi. Hiyo ndiyo kamera, haina lenzi. Mahali pa filamu nikaweka karatasi ya picha. Koko akaketi juani na shuka yake nyekundu, nikamsihi asitikisike kwa sekunde 50. Alitulia kuliko kompyuta yangu.

Stoo ikawa chumba cha giza: blanketi dirishani, taa nyekundu ukutani. Karatasi ilipoingia kwenye dawa ya kusafishia, picha ikaibuka. Mbingu nyeusi, uso mweupe, shuka nyeupe. Koko akacheka, "Na huyu ni mzungu wa wapi?"

Hiyo ni picha hasi. Mwingereza William Henry Fox Talbot alipata ya kwake mwaka 1835, ya dirisha la nyumba yake. Picha ya Mfaransa Daguerre, iliyotangazwa mwaka 1839, ilikuwa kali zaidi lakini ilikuwa moja tu, hainakiliki. Hasi ya Talbot iliweza kuzaa nakala upendavyo. Majina hasi na chanya aliyaleta rafiki yake John Herschel, yuleyule aliyependekeza dawa ya kuizuia picha isiendelee kuungua. Jina lake la mkato kwa Kiingereza hutamkwa "haipo", na kweli, ikiisha, Bisil haipo.

Karatasi hasi zilifika kwetu mapema. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alizitumia katika safari ya Livestone... naam, Livingstone, mtoni Zambezi kuanzia mwaka 1858.

Kupata chanya ni rahisi. Nililaza hasi juu ya karatasi mpya, uso kwa uso, nikazibana kwa kioo na kuwasha balbu ya kawaida sekunde chache. Penye weusi mwanga haupenyi, penye weupe unapenya na kuunguza karatasi ya chini. (Jaribio la kwanza liliharibika: maandishi ya kiwanda yaliyo mgongoni mwa karatasi yalitokea shavuni mwa Koko.)

La pili likatoka safi. Koko akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu ni mimi. Lakini kaniki hii umeitoa wapi?"

Kweli, shuka ilikuwa nyeusi tititi, na mistari yake ya buluu imekuwa myeupe. Uso nao ulikuwa mweusi kuliko wake. Nilidhani nimekosea dawa, nikarudia mara tatu. Ndipo nikaitazama ile taa. Inaruhusiwa humo kwa sababu karatasi haioni nyekundu! Kwa karatasi hiyo shuka ni giza, na ngozi yetu, ambayo hurudisha nyekundu nyingi kuliko buluu, inapoteza sehemu ya nuru yake.

Basi fikirini. Mjerumani Vogel aligundua mwaka 1873 kwamba rangi maalumu zaweza kuifanya sahani ya picha ione zaidi ya buluu, na sahani zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906. Joseph Thomson alipita Umasaini na kamera mwaka 1883 na 1884. Picha nyingi za babu zetu za miaka hiyo zimepigwa kwa macho yasiyoiona nyekundu, na Mmasai aliyejipaka ngeu alikuwa mwekundu kichwa hadi mabega. Watu Ulaya waliziangalia wakadhani ndivyo tulivyo.

Kompyuta hugeuza hasi kuwa chanya kwa mstari mmoja: 255 toa thamani ya kila nukta. Nimejaribu. Shuka bado ni nyeusi, kwa kuwa nyekundu haikurekodiwa tangu mwanzo.

Koko aliikubali picha kwa sharti moja. Nyuma yake, kwa kalamu, nimeandika: shuka ilikuwa nyekundu.