Maji ya moto yalipopima mwinuko

Simu nyingi siku hizi zinakuonyesha uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, yaani Tabora, kazi hiyo ilifanywa kwa kuchemsha maji. Kadiri unavyopanda, uzito wa hewa hupungua na maji huchemka mapema: pwani kwa nyuzi 100, Tabora kama 96. (Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva milimani.) Unachemsha, unatumbukiza kipimajoto, unapiga hesabu.

Shida ilikuwa kifaa. Mwaka 1858 walipima Ziwa Tanganyika kwa kipimajoto cha maji ya kuogea, wakapata futi 1,850. Kumbe ni zaidi ya 2,500. Burton aliposhikilia mwaka 1864 kwamba Mto Nile unaanzia humo, namba yake mwenyewe ikamkaba: ziwa la chini namna hiyo lingepelekaje maji huko? Akakilaumu kipimajoto, na kwa hilo hakukosea. Alikosea kuhusu mto. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini, wakakuta Mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki.