nakala rudufu
nm [i-/zi-] nakala ya data inayowekwa mahali pengine ili irejeshwe ya asili ikipotea au kuharibika.

Matumizi: Mfasiri asitosheke na kitenzi “hifadhi”, kwani faili huweza kuhifadhiwa bila kurudufiwa. Aidha, “rudufu” na “rejesha” ni vitendo viwili, na cha kwanza hakithibitishi cha pili. Tarehe 31 Januari 2017, hifadhidata ya GitLab ilipofutwa kimakosa, ilibainika kuwa programu ya kurudufu haikuwa ikitoa nakala, kwa kuwa toleo lake halikuoana na la hifadhidata. Data ilirejeshwa kutoka nakala nyingine ya takribani saa 6 kabla.

Mfano: Nakala rudufu isiyojaribiwa kurejeshwa ni tumaini tu.