Macho ya Mtoto Mchanga: Dawa Isiyouliza Maswali



Mtoto akizaliwa katika familia zetu, hapa Rumonge na mwambao wote hadi Nyanza-Lac, huadhiniwa sikioni. Bibi naye huenda akaleta wanja. Lakini lipo jambo jingine la saa ile ya mwanzo ambalo wengi wetu hatujui lilikotoka, nalo ni dawa ya macho.

Mwaka 1880 daktari Carl Credé alisimamia hospitali ya wazazi mjini Leipzig, Ujerumani. Karibu mtoto 1 kati ya 10 alitokwa na usaha machoni, na wengine wakapofuka. Vijidudu, hasa vya kisonono, huwapata watoto wakati wa kuzaliwa. Kwanza Credé aliwatia tone la nitrati ya fedha watoto wa mama walioonekana wagonjwa tu. Wengine wakaendelea kuugua, maana mama wengi hawana dalili yoyote. Basi akawatia wote, na ugonjwa ukashuka chini ya mtoto 1 kwa 100.

Hapo maafisa wa afya wakawa na kazi yao. Daktari mmoja huokoa wodi yake, lakini agizo la afya humfikia kila mkunga. Uingereza mwaka 1914 iliagiza kila mtoto mwenye ugonjwa huu atolewe taarifa. Utafiti wa Kenya uliotolewa mwaka 1988 ulionyesha kuwa pomadi ya tetrasaiklini ya asilimia 1 ilipunguza macho ya kisonono kwa asilimia 93, na nitrati ya fedha kwa 83. Nchini kwetu Burundi, Mei 2006 serikali ilitangaza uzazi na matibabu ya watoto chini ya miaka 5 kuwa bure, na mama asiye na pesa naye akapata njia ya kufika kituoni.

Tunayasema haya kwa sababu baba anaweza kusikia dawa hii inakinga kisonono, akadhani mkewe anatuhumiwa. La hasha! Wanapewa watoto wote ili asiulizwe mtu wala asiaibishwe mtu. Sitara ya mama imo humo humo.

Aliyejifungulia nyumbani ampeleke mtoto kituoni mapema. Macho yakivimba au kutoa usaha, tusitie wanja wala maziwa, na tusingoje kesho: jicho huweza kuharibika kwa siku chache. Mama na baba nao watibiwe pamoja naye.

Macho ya watoto wetu ni amana. Wabillahi tawfiq.