Vanishi ya Maji: Ilikotoka, na Uimara Wake Leo

Mafundi seremala wengi huidharau vanishi ya maji: eti haing'ai wala haidumu. Sifa hiyo mbaya ina historia yake, na ukiijua utachagua vizuri zaidi.

Katika karne ya 19, vanishi nzuri za Marekani na Ulaya zilipikwa kwa sandarusi, utomvu wa miti ulioganda ardhini, uliochimbwa pwani yetu na kuuzwa Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliinunua kwa wingi. Ilipikwa pamoja na mafuta, ikatoa vanishi ngumu yenye kung'aa, ila ilichelewa kukauka na kadiri miaka ilivyopita iligeuka manjano.

Miaka ya 1920 ikaja laka ya nitroselulosi, iliyokauka upesi lakini ikaharibiwa na joto na majimaji. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani waligundua poliurethani, ambayo baadaye ilitoa vanishi imara sana. Zote hizi zilihitaji thina au kiyeyushi kama hicho.

Tatizo likaonekana Los Angeles. Mvuke wa viyeyushi, ukichanganyika na moshi wa magari na jua kali, ulichangia ukungu uliowasha macho na kubana vifua. Mwaka 1966 mamlaka za huko zikaweka kanuni ya kudhibiti viyeyushi. Baadhi ya watengenezaji wakaanza kuyageukia maji.

Kwa hiyo vanishi ya maji ilitafutwa kwanza ili kuokoa hewa, si kupendezesha samani. Za mwanzo zilikuwa laini, ziliinua nyuzi za mbao, na juu ya mbao nyeusi zilionekana kama zina ukungu. Sifa mbaya ilianzia hapo.

Leo usiulize tu kama ni ya maji. Soma kopo uone imetengenezwa kwa nini:

1. Akriliki: haina rangi na haigeuki manjano haraka. Inafaa mbao nyeupe na rafu, lakini hukwaruzika.

2. Poliurethani ya maji: ngumu zaidi. Inafaa viti na meza za nyumbani.

3. Poliurethani ya maji yenye kigumishi cha kuchanganya: imara kuliko zote tatu, inafaa meza za hoteli. Vaa glavu na barakoa.

Kwa mwonekano, vanishi ya mafuta bado huipa mninga wekundu wa kuvutia. Ya maji huuacha umepoa, hivyo anza na rangi ya mbao, iache ikauke kabisa.

Kabla ya kupaka, futa mbao kwa kitambaa chenye unyevu, ikauke, kisha piga msasa namba 220. Usitumie stilwuli, chembe zake hushika kutu. Paka tabaka nyembamba, tatu au zaidi. Hukauka kwa saa chache, lakini hukomaa kwa wiki kadhaa. Mwambie mteja asiweke sufuria ya moto mapema, maana lawama itarudi kwako.