Uvujaji wa kumbukumbu kwenye kerneli

Uvujaji wa kumbukumbu kwenye kerneli ni kasoro inayotokea pale kiini cha mfumo endeshi kinapotwaa sehemu ya kumbukumbu kwa kazi fulani, kisha kikapoteza anwani yake kabla ya kuirudisha. Programu ya kawaida ikivujisha, kerneli huichukua kumbukumbu yote programu hiyo inapofungwa. Kerneli yenyewe haina msimamizi juu yake. Kilichopotea hakirudi hadi mashine izimwe. Ndiyo maana wengi huzima na kuwasha, wakidhani wametibu. Tuseme ruta inapoteza baiti 256 mara kumi kila sekunde: kwa siku ni takribani megabaiti 221, na mashine yenye megabaiti 512 haimalizi siku ya tatu.

Chukua mfano wa mtandao wa vijijini. Mkoani Mara, Tanzania, katika wilaya za Bunda na Serengeti, programu ya ICT4RD, iliyowashirikisha tume ya sayansi na teknolojia COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Sweden, ilijenga mtandao uliounganisha Bunda na Mugumu kwa kutumia nyaya za nuru za shirika la umeme TANESCO. Mtu anaweza kusema kwamba katika maeneo kama hayo umeme hukatika mara kwa mara, kwa hiyo ruta hujisafisha yenyewe. Hoja hiyo haisimami. Kukatika kwa umeme huficha kasoro tu; siku ruta itakapowekewa sola na betri, ikakaa wiki nzima bila kuzimika, ndipo itakapoelemewa, na fundi yuko mbali. Tena kila kuzima hufuta ushahidi.

Tiba huanza kwa ushahidi huo. Chombo cha kmemleak, kilichoandikwa na Catalin Marinas na kuingia katika toleo la 2.6.31 la kerneli ya Linux mwaka 2009, hupekua kumbukumbu kikitafuta vipande visivyoelekezwa na anwani yoyote, kisha hutaja mfuatano wa kazi zilizovitwaa. Mara nyingi kosa liko kwenye njia ya kushindwa: kazi imetwaa kumbukumbu kwa kmalloc, hatua inayofuata imegoma, nayo kazi ikarejea bila kuita kfree, inayoachilia kumbukumbu hiyo. Ni kweli kwamba kmemleak hupunguza kasi, huweza kushuku kipande kisicho na hatia, na haioni orodha inayozidi kukua huku anwani zake zikiwa zimehifadhiwa. Kwa hiyo hutumiwa kwenye mashine ya majaribio, sambamba na kufuatilia SUnreclaim, kipimo cha kumbukumbu ya kerneli isiyoweza kurudishwa, ndani ya faili la /proc/meminfo. Mstari wa kfree unaoongezwa mara nyingi huwa mmoja, ila mahali pake panahitaji uangalifu: kuachilia mapema, kipande kikiwa bado kinatumika, ni hatari zaidi kuliko uvujaji. Kushindwa kulekule kukirudiwa maelfu ya mara na SUnreclaim isipande, ni dalili kwamba kasoro imeondoka; na rekebisho likipokelewa katika Linux kuu, ruta ya Mugumu huweza kulipata kwa sasisho lilelile linalofika Sweden.