Upasuaji wa kupunguza kilo: upi unasaidia zaidi sukari, tansio na moyo?

Mtu mwenye kilo nyingi, tena ana ugonjwa wa sukari na tansio, munganga anaweza kumuongelea upasuaji wa tumbo. Kuna jamaa zinazochanga pesa ili mgonjwa afanyiwe Kampala, Nairobi ao India. Lakini upasuaji huo si wa aina moja.

Unaofanywa zaidi duniani ni slivu. Waganga wanakata na kutoa karibu 80% ya mfuko wa chakula, unabaki mwembamba kama ndizi. Utumbo hauguswi. Kile kilichotolewa hakirudishwi tena.

Wa pili ni baipasi. Hapa wanatengeneza kifuko kidogo sana, karibu mililita 30, wanakiunganisha na utumbo mwembamba. Chakula hakipitie tena sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Kuna pia pete ya kubana tumbo, ila siku hizi haifanywe sana: kilo zinashuka kidogo, na wengi walirudi kuitoa.

Kwa sukari, upasuaji unashinda dawa peke yake. Kule Cleveland, Marekani, walifuata wagonjwa 150 wa sukari. Matokeo ya 2017, kisha miaka 5: kati ya watu 100, sukari ilirudi karibu na ya kawaida kwa 29 wa baipasi, 23 wa slivu, na 5 tu wa dawa peke yake. Tofauti ya baipasi na slivu hapo ni ndogo. Lakini baipasi inasaidia zaidi kwa tansio na mafuta ya damu. Tena mwenye kiungulia kikali, slivu inaweza kumuzidishia.

Na moyo? Uswidi, tangu 1987, walifuata watu zaidi ya 4.000. Waliopasuliwa walikufa kidogo kwa magonjwa ya moyo na ya mishipa ya damu kuliko wenzao. Ila wengi wao walifanyiwa aina za zamani, kwa hiyo hesabu hiyo haiamue kati ya slivu na baipasi.

Kwetu huku, kazi kubwa ni kisha kurudi nyumbani. Sukari inaweza kushuka ndani ya siku chache tu. Mtu akiendelea na insulini ile ile ya zamani, anaweza kuzimia. Wa baipasi anakunywa vitamini B12, chuma na kalsiamu maisha yote. Wa slivu naye anahitaji vitamini na kupimwa damu. Ibuprofeni na diklofenaki, zile zinauzwa kila farmasi, zinaweza kumuletea wa baipasi vidonda pale walipounganisha.

Karatasi ya upasuaji ibaki na mgonjwa. Muuguzi wa Butembo ao Uvira hawezi kujua kwa kuangalia tumbo kama ni slivu ao baipasi, na dawa ya maumivu atakayotoa inategemea hilo.